Gari Lisilokula Mahindi ya Mtu

Baba mkwe wangu alipoamua kununua gari, hakuniambia mimi. Alimwambia fundi cherehani.

Fundi huyo ana kibanda karibu na soko la Kilosa, na ndiye aliyekuwa mshenga wangu nilipooa. Yeye ni Mluguru. Baba mkwe ni Msukuma aliyehamia Rudewa na ng'ombe wake kutoka upande wa ziwa, wakati mke wangu angali mtoto wa kubebwa mgongoni. Kwa kuwa makabila yao ni watani, wazee hawa wawili hawajapata kusalimiana kama watu wengine. Mmoja akifika, mwenzake anamwita mtumwa wake, anamuuliza ametoroka kwa nani, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Mimi ni mkwe, na mkwe hatanii. Kwa desturi ya nyumba ile, mkwe hampingi baba mkwe mbele ya watu, na akiwa na neno zito, neno hilo linapita kwa mshenga. Nimeishi na utaratibu huo miaka mingi bila kuuona kuwa mzigo, kwa sababu sikuwa nimepata kuwa na neno zito.

Fundi alinikuta kwenye mashine yangu ya kusaga, akasubiri nizime mota.

"Mkwe wa mtumwa wangu," alisema, "mzee wako anataka gari."

"Gari gani?"

"La wakubwa. Lile refu, jeusi, ukilipisha njiani unaliona limeshapita ndipo unasikia upepo. Lipo Mikumi. Anasema wewe ndiye msomaji wa mashine, uende ukalitazame."

Nilifurahi, nakiri. Nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo, lakini mashine yangu ya kwanza ilikuja na kitabu cha Kiingereza, nami nilikisoma chote kwa kamusi, jioni baada ya jioni, mpaka nikaelewa kwa nini beringi inalia kabla ya kufa. Baada ya hapo nimesoma kila kitabu cha injini kilichonipitia mikononi, na siku hizi nasoma kwenye simu. Mafundi wa magari hapa mjini huniita wanapokutana na waya wasioujua. Kwa hiyo nilidhani nimeitwa kwa kazi ninayoiweza.

Kabla ya kwenda nilijiuliza kwanza kwa nini mzee anataka gari la namna hiyo, maana mtu hawezi kushauriwa chombo bila kujulikana anataka kukifanyia nini. Jibu nililijua. Msimu uliopita ng'ombe wake waliingia katika shamba la mahindi. Haikuwa mara ya kwanza, wala hakuwa mfugaji peke yake aliyefikwa na hayo, lakini safari ile ndama mmoja alirudi na jeraha la panga, na mzee akashinda siku nzima akiwa amesimama nje ya ofisi ya kijiji akingoja kuitwa, huku waliokuja na pikipiki na magari wakiingia na kutoka. Alirudi nyumbani hakula. Wiki hiyo alianza kupeleka ng'ombe mnadani. Mama mkwe alipomuuliza anafanya nini, alimjibu kwamba amechoka na mali yenye miguu.

"Nataka mali isiyokula mahindi ya mtu," alisema.

Kundi lile ndilo lililokuwa akiba yake yote. Hakuwa na shamba la maana wala nyumba mjini. Ng'ombe aliobakiza walikuwa wachache, wa maziwa na wa dharura. Kila alichopata mnadani kilikuwa kinasubiri kugeuka kitu kimoja, na kitu hicho kikiharibika, hakuna kingine.

Nilisoma kwa majuma. Nilichojifunza si siri, na ningependa kila mtu mwenye tamaa ya gari kubwa lililotumika akijue. Gari la kifahari likizeeka linashuka bei mpaka linafanana na gari la kawaida, lakini vipuri vyake havishuki. Unalinunua kama gari la mwalimu na kulitunza kama gari la waziri. Basi hununui gari, unanunua matengenezo ambayo mwenzako amechoka kuyalipia. Swali la kwanza si linakwendaje. Swali la kwanza ni kwa nini linauzwa, na la pili ni nani karibu nawe anayeweza kulifungua na kulifunga tena. Kisha kuna jambo la springi. Magari mengi ya aina hiyo hayana springi za chuma, yamekaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Mfuko ukichanika kidogo, pampu inaujaza kila injini inapowaka, na mchana kutwa gari linasimama wima kama askari wa gwaride. Usiku pampu imelala, hewa inatoka. Kwa hiyo gari la namna hiyo hutazamwa asubuhi, likiwa baridi, kabla mtu hajaligusa. Mengine yote ni rangi.

Nilimweleza fundi haya, naye akayapeleka Rudewa, pamoja na ushauri wangu kwamba mzee atafute pikapu ya kawaida, ambayo mafundi wa Kilosa wanaijua. Jibu lilirudi kwamba pikapu ni ya kubebea vitu vya watu. Mke wangu naye alimpigia simu baba yake. Alisikilizwa vizuri mpaka mwisho.

"Sawa, mama," baba yake alimwambia, maana humwita hivyo tangu utotoni. "Siku ya kwanza utapanda wewe, mbele."

Mke wangu alikata simu, akakaa nayo mapajani.

Niliomba tulale Mikumi ili tulione gari alfajiri. Mzee akasema ng'ombe waliobaki hawawezi kuachwa na mtu mwingine. Tukaondoka Kilosa asubuhi, watatu: mzee, fundi cherehani na mimi, kwa gari la kukodi, tukipita barabara ya vumbi. Tulifika jua likiwa kali, malori yamepangana kando ya lami na madereva wao wamelala chini ya matela.

Mwenye gari alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, aliyewahi kusafirisha wageni wa mbugani, sasa anaachana na kazi hiyo. Alitupokea nyuma ya nyumba ya wageni. Alimwamkia mzee shikamoo kwa kuinama hasa, akamwita baba, akaagiza soda. Gari lilikuwa linanguruma taratibu kivulini, milango imefungwa.

"Nimeliwasha mapema," alisema, "ili baba akute ubaridi."

Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto kama jiko. Hakukuwa na namna ya kulaumu ukarimu ule.

Mzee akafunguliwa mlango wa mbele. Alikaa kwenye kiti cha ngozi, akavua kofia, na kiyoyozi kikampuliza usoni. Sikuwa nimewahi kumwona uso ule. Nimemwona msibani, nimemwona mnadani, nimemwona siku anatupa baraka za ndoa, lakini sikuwahi kumwona akiwa amepumzika. Alifumba macho. Fundi cherehani akachungulia dirishani.

"Msukuma wee! Usilale humo, utaota ngozi ya kiti inakuita baba."

"Toka hapo," mzee akamjibu bila kufumbua macho. "Wewe ulishuka milimani kwa matako, utajulia wapi gari?"

Mwenye gari akacheka sana. Nami nikaanza kazi.

Karatasi zilikuwa sahihi, na namba ya chasisi ilifanana na ya kwenye kadi. Oili haikuwa nyeusi mno. Gia ziliingia bila kugonga. Kisha nikaomba injini izimwe, nikazungusha ufunguo nusu ili taa za dashibodi ziwake zote, kama zinavyopaswa kuwaka kabla ya kuzimika moja moja. Ziliwaka zote isipokuwa ya springi. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu maana yake kuna mtu aliyeinyamazisha. Nikalala chini kwa mgongo. Mfuko wa nyuma kulia ulikuwa mpya, unang'aa. Mitatu iliyobaki ilikuwa na mipasuko midogo mikunjoni, kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Injini ilipowashwa tena nikasikia pampu ikianza kulia, na nikangoja iache. Haikuacha.

Nikainuka, nikajifuta vumbi. Nikamwambia mwenye gari, kwa adabu, kwamba ningependa gari lizimwe na lisimame hapo wakati sisi tunakula, tulitazame tena jioni.

"Hakuna shida kabisa," alisema. "Ila baba atatembeaje na jua hili mpaka kwenye chakula? Twendeni nalo."

Tukaenda nalo. Tukala nyama, tukarudi nalo. Mzee alikaa mbele, madirisha yamepandishwa, na watu wa kando ya barabara waligeuka kutazama. Mmoja alipunga mkono. Mzee akampungia.

Tuliporudi nikamvuta fundi cherehani nyuma ya nyumba, penye kamba za kuanikia mashuka. Nikamwambia kwa maneno machache nilivyoweza: mifuko mitatu imekwisha, pampu imechoka, taa imenyamazishwa, na gari hili likilala usiku mmoja litainama. Kuitengeneza mifuko hiyo kutamlia mzee ng'ombe waliobaki. Nikamwomba aseme tu kwamba turudi kesho asubuhi. Mzee asiponiamini mimi, ataliamini gari lenyewe.

"Nimeelewa," alisema. Na alikuwa ameelewa, niliona.

Alikwenda akasimama mbele ya mzee. Walikuwapo pia majirani wawili wa mwenye gari, walioitwa kuwa mashahidi.

"Mtumwa wangu," fundi alisema, "mkweo amelala chini ya gari, ametoka na habari. Anasema hili likilala usiku, asubuhi linapiga magoti."

Wakacheka wote.

"Na ng'ombe je?" mzee akauliza. "Ng'ombe anasimamaje? Si hupiga magoti kwanza?"

Kicheko kikaongezeka. Jirani mmoja alipiga paja.

"Sikiliza, Msukuma. Safari hii sitanii."

"Mnamsikia? Mluguru anasema hatanii!" Mzee aligeukia mashahidi, machozi ya kicheko yakimtoka. "Ameogopa nikipata gari sitapita tena kibandani kwake kumwamkia."

"Nasema kweli. Mifuko ya hewa imekwisha."

"Mifuko iliyokwisha ni ya suruali unazoshona wewe!"

Fundi alinigeukia. Kwa zaidi ya nusu ya umri wake alikuwa amemwambia mtu huyu kila neno bila kulipima: amemwita mchoyo, mchafu, mwizi wa wake za watu, amevamia matanga nyumbani kwake na kutaka alipwe jogoo, na hakuna aliyekasirika, kwa sababu hakuna aliyemwamini. Sasa alisimama katikati ya ule uwanja akitafuta sauti nyingine, na hakuwa nayo. Alijaribu mara ya mwisho. Akamshika mzee mkono, akasema taratibu, "Ndugu yangu, turudi kesho."

Neno ndugu ndilo lililomaliza. Mashahidi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mtani kumwita mtani wake ndugu, mbele ya watu, ulikuwa mzaha bora kuliko yote ya siku ile.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya tairi la mbele. Mzee alinitazama mara moja, kwa upole, kama anayenishukuru kwa jasho langu. Kama angeniuliza, ningejibu. Hakuniuliza, na kumkatisha mzee wa watu mbele ya muuzaji na mashahidi ingekuwa kumvua nguo. Hata angenisikia, asingeweza tena kunikubalia. Nilikuwa nimeyapima haya yote kichwani tangu asubuhi na sikupata njia nyingine. Mpaka leo nikiyapima nafika pale pale. Akapokea ufunguo kwa mikono miwili, kama inavyopokewa kamba ya ng'ombe, na ng'ombe aliyepokewa kamba harudishwi.

Tulirudi na dereva aliyetafutiwa pale pale. Gari lilikwenda vizuri, siwezi kusema vinginevyo. Mashimo yale yaliyotutikisa asubuhi hatukuyasikia. Mzee aliuliza kama tumeshapita sehemu mbaya, tukamwambia tumeshaipita. Alicheka peke yake. Kule nyuma mimi nilisikiliza pampu chini ya sakafu. Rudewa walitoka wote kulipokea, watoto wakakimbia mbele yake, na mama mkwe akaligusa kwa ncha ya vidole kisha akajifuta vidole kwenye khanga, kana kwamba ni yeye aliyelichafua.

Mke wangu, aliyekuja kulipokea, na mimi tulilala huko. Asubuhi nilitoka mapema. Gari lilikuwa limeinama mbele kushoto, tairi limemezwa na bodi, taa moja inatazama ardhi. Mzee alikuwa amefika kabla yangu, amesimama na fimbo yake ya kuchungia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikaingia, nikaliwasha, tukangoja pamoja huku pampu ikilia. Likainuka polepole, kwa shida. Mzee akatikisa kichwa, kama mtu anayemwona mgonjwa anakunywa uji.

Nilifanya nilichoweza. Nilimpigia mwenye gari, akanijibu kwa heshima zote kwamba lilipotoka kwake lilikuwa zima, na mashahidi wapo. Nilimleta fundi kutoka Morogoro. Nilitafuta mifuko iliyotumika, ikaja, mmoja ukashika na mwingine ukakataa. Nilipendekeza, kupitia njia ile ile, tutoe mifuko yote tuweke springi za chuma. Mzee akakubali, lakini za aina ile zilibidi ziagizwe, na wakati tunangoja pampu ikaungua. Baada ya pampu ilikuja gia. Ng'ombe waliobaki walianza kulifuata gari: mmoja alikwenda mnadani kwa ajili ya mifuko, mwingine kwa ajili ya pampu. Mvua zilipoanza gari likazama matairi kwenye udongo mweusi wa uwanja, na kuku wakapata mahali pakavu chini yake. Kila niendapo naunganisha betri, nasafisha ncha za waya zake, nawasha, nasikiliza, nazima. Mzee hukaa kiti cha mbele muda huo. Kiyoyozi bado kinafanya kazi.

Hajapata kuniuliza kwa nini sikumwambia. Nadhani anajua aliambiwa.

Fundi cherehani hakuonekana Rudewa kwa muda mrefu. Alisema ana kazi za sare za shule. Hatimaye alikuja, siku ambayo nami nilikuwapo, na familia yote ikakaa sawa kumsubiri, kwa sababu hasara ya namna hii ni chakula cha mtani. Mzee mwenyewe alikuwa amejiandaa. Alivuta kigoda, akaegemea ukuta, akatabasamu kabla mwenzake hajafungua mdomo. Fundi alilitazama gari. Alilizunguka. Kisha akaja akampa mkono.

"Pole sana, mzee," alisema.

Tabasamu la mzee liliondoka. Aliuacha mkono wa fundi, akautazama wake kana kwamba umewekwa kitu kisicho chake.

"Unanipa pole?"

"Nakupa pole."

"Kwa nini unanipa pole? Nimekufa?" Sauti yake ilipanda. "Wewe Mluguru, umekuja kwangu kunizika? Nitanie!"

Mama mkwe aliinuka akaingia ndani.

"Nitanie, bwana," mzee akasema tena, na safari hii alikuwa anaomba. "Sema chochote. Sema mimi ni mjinga. Umeniita mjinga tangu tulipojuana."

Fundi alikaa chini, kando ya kigoda, akitafuta. Niliona anavyotafuta, midomo ilijongea, ikaacha. Kila alichokuwa nacho kilikuwa kimekwisha kuwa kweli. Mwisho aliinuka, akaenda ukingoni mwa uwanja, akang'oa majani mabichi ya mvua mpaka mkono ukajaa. Akarudi nayo, akainama kwa kujikongoja, akayaweka chini mbele ya taa iliyotazama ardhi.

"Labda ni njaa," alisema.

Mzee alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajishika ubavu, akamwita mtumwa, mshenzi wa milimani, akasema atamdai bei ya majani. Fundi alicheka naye, akijifuta macho kwa mkono wenye udongo. Wakaendelea hivyo muda mrefu kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika waya wa betri. Nilipoona wamenyamaza nikaunganisha, nikazungusha ufunguo, na gari halikuwaka.